Kipande namba nne cha breki ya chukudu

Paa! Sauti ya kiganja cha kaka yangu Paluku juu ya karatasi yangu bado iko masikioni.

Paluku ni fundi wa kuchomelea hapa Mususa, na amebuni breki ya chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Mimi najifunza kuchora na kueleza vipande vyake ili tuombe brevet, hati inayozuia wengine kuiga.

Nilikuwa nimefika kwenye springi, kipande namba nne, ndipo akaipiga karatasi.

"Iyo hapana kuchora! Batu bataiba."

"Mais yaya," nikamwambia kaka, "brevet inalinda tu chenye tunaonyesha."

"Donc, juu basiniibie, nitoe siri miye mwenyewe?"



Akaingia karakanani msukuma chukudu mmoja, akauliza breki hiyo inashikaje mteremkoni. Paluku akaifungua, akaeleza springi yote, mafundi wa jirani wakisikiliza!

Mimi nikamkodolea macho. Siri ikienea kabla ya ombi, hati tunaweza kunyimwa.

"Unaniangalia nini?"

"Yaya, bote bamesha jua. Karatasi tu njo haijue."

Akacheka, kisha akanisogezea karatasi.

Niambieni, nanyi mna kaka wa hivi?

Sikungoja kesho. Springi nimeichora yote, Paluku amesaini, na ombi nimeshalituma.