Kereng'ende Wekundu wa Mwananyamala

Mtoto wetu wa kwanza alikufa kwa homa kabla hajaanza kutambaa. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa mwalimu, mgeni kutoka bara, tumepanga chumba Mwananyamala kwa bibi mmoja mwenyeji wa pwani. Dini zetu mbalimbali, lakini yeye ndiye aliyekaa na mke wangu matanga yote.

Matanga yalipokwisha, mke wangu akanyamaza. Kila alasiri alikwenda bondeni kwenye majaruba ya mpunga, akakaa juu ya tuta. Mie nikitoka shule humfuata, nikakaa kando yake.

Siku moja akasema, "Mwalimu, hawa wekundu ndio madume."

Alikuwa akiwatazama kereng'ende, wale wadudu wa mabawa manne wanaozunguka juu ya maji. Majike walikuwa na rangi ya nyasi kavu, wakitua huwaoni.

"Umejuaje?"

"Nimewaona wakipandana."

Papo hapo ndege keremkeremu akashuka, akamdaka mwekundu mmoja. Mke wangu akashtuka. "Sasa rangi ile ina faida gani, kama inamwonyesha kwa ndege?"

Nikamweleza nilivyofundishwa chuoni. Asiyeonekana haliwi upesi, huishi akazaa, na watoto hurithi rangi yake. Lakini dume asiyepata jike, hata akiishi sana, haachi mtoto. Mwekundu hasa huwafukuza wenzake, akashika mahali pazuri majini, na majike huja hapo kutaga. Basi ndege huipunguza rangi ile, na uzazi huirudisha.

Akafikiri. "Kwa hiyo aliyeliwa sasa hivi, kama alishazaa, ana watoto humu majini."

"Wapo."

"Na kama hakuwahi?"

Nikamshika mkono. Akalia, mara ya kwanza tangu maziko, akalia mpaka kanga ikalowa.

Kesho yake aliniuliza kama madume huzaliwa wekundu. Sikujua. Tukatazama pamoja, tukawaona vijana wao wangali manjano, mkia ndio kwanza unashika wekundu.

"Wanaiva kama pilipili," akasema, na nusura acheke.

Jumamosi ile alifungua sanduku la nguo za mtoto, akachagua zilizo nzima, akampelekea mjukuu mchanga wa bibi mwenye nyumba. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akamkalisha mke wangu mkekani, wakala pamoja.