Neno Nililolisema Kwenye Kizuizi

Kwa mwezi mzima swali moja lilininyima usingizi: nikimwambia Bi Zuwena ukweli, nitakuwa namtendea haki, au nitakuwa najitua mzigo na kumtwika yeye? Niliandika hoja za kusema, nikaandika za kunyamaza, nikazichana zote. Bi Zuwena ni mama yake Salmini. Kila Ijumaa hunipigia simu kutoka Al Amerat, ng'ambo ya milima ya Maskati, kuniombea dua, kwa kuwa anaamini mwanawe alipigwa risasi ya bahati mbaya, akafa nimemshika mkono.

Hivyo ndivyo baba alivyotaka niseme.

Mimi na Salmini tulikuwa na jina moja la ukoo. Wazee wangu waliwamiliki wazee wake kule Unguja. Wakawaacha huru, jina likabaki. Tulikwenda Khartoum kusoma pamoja, yeye udaktari, mimi historia.

Siku ya mwisho ya kawaida, Salmini alikuwa jikoni anakaanga samaki. Mimi nilikuwa mezani na tasnifu yangu, juu ya namna Wamarekani walivyopigana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu ya utumwa. Nilimsomea ukurasa mzima wa mizinga na reli. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sheikh, hiyo mizinga ilijivuta yenyewe?" akauliza. "Na waliochimba mahandaki je? Au nao khadimu wenu?"

Tulicheka. Khadimu ndivyo wanavyoitwa kwetu watu waliozaliwa na watumwa, hata leo, kwa sauti ya chini, posa inapoletwa. Salmini alikuwa akilitumia neno hilo kwa mzaha kabla wengine hawajamtupia.

Kesho yake asubuhi milio ya risasi ilianza upande wa uwanja wa ndege. Tulijifungia ndani siku tisa bila umeme. Maji yalipokaribia kwisha tukaamua kutoka kwa miguu kuyafuata mabasi yaliyokuwa yakiwatoa watu mjini. Wakati huo wapiganaji walikuwa wameshaingia mtaani. Walipora nyumba moja baada ya nyingine, na mizigo waliwabebesha watu weusi waliowakamata njiani. Waliwaita watumwa, waziwazi.

Kizuizi kilikuwa kwenye kona ya duka la dawa.

Kijana mwenye bunduki alifungua pasi zetu. Akasoma jina langu, akasoma la Salmini. Akatazama ngozi yangu, akatazama ya mwenzangu.

"Nyinyi ndugu?"

Jibu lililotakiwa lilikuwa neno moja tu. Naam.

"Khadimu wetu," nikasema.

Nilidhani mtu mwenye bwana haguswi. Nilikata shauri hilo ndani ya pumzi moja, na ninalichukia kwa sababu sikuhangaika kulitafuta. Lilikuwa tayari kichwani mwangu. Nimelelewa nalo.

Kijana akacheka. "Basi leo atatutumikia sisi."

Wakambakisha.

Mimi wakanipitisha.

Siku mbili baadaye, kwenye kituo cha mabasi, mtu mmoja aliyebebeshwa mizigo pamoja naye alinitafuta. Akanieleza kwamba walitangulizwa kwa miguu mbele ya gari la wapiganaji kuvuka daraja, na waliokuwa ng'ambo wakafyatua. Salmini alizikwa kando ya barabara pamoja na wenzake. Katika tasnifu yangu watu kama hao nilikuwa nimewaita nguvukazi.

Niliporudi Maskati nilimweleza baba yote. Akasema risasi ya bahati mbaya inatosha, hakuna haja ya kuwachokoza watu. Matanga yakawekwa kwenye majilisi yetu, ukumbi wa wageni wa nyumba yetu mtaa wa Ghubra. Wageni walikaa, wakampa baba mkono wa pole. Na aliyezunguka na dele la kahawa, akiwamiminia watu waliokuja kumlilia Salmini, alikuwa ami yake Salmini, kwa sababu nyumbani kwetu kazi hiyo ni ya watu wao tangu zamani. Hakuna aliyemwambia akae. Hata mimi. Nilinyoosha kikombe nikamiminiwa.

Miaka imepita na hasira haijapungua. Sijui nianze kumkasirikia nani: kijana wa kizuizini, baba, au mimi. Kijana yule angalau hakuwahi kula sahani moja na Salmini.

Ijumaa iliyopita Bi Zuwena alinipigia. "Namshukuru Mungu," akasema, "mwanangu alikufa mikononi mwa nduguye."

Hoja zangu zote zilikwisha hapo. Mwanamke yule alikuwa akimshukuru Mungu kwa uongo wangu. Nikachukua ufunguo wa gari, nikavuka milima kwenda Al Amerat.

Nilimkuta akichambua mchele. Nilikaa sakafuni nikamsimulia, tangu pasi mpaka daraja. Vidole vyake viliendelea kuchambua.

"Alikusikia?" akauliza.

"Alinisikia."

"Akasema nini?"

"Alivua mkoba wake akanipa, kwa kuwa maji yetu yalikuwa ndani."

Vidole vikasimama. Sikumwomba radhi, niliona kuomba kungekuwa kumwongezea kazi.

"Nenda kamwambie babako kuwa nnajua," akasema hatimaye. "Na mwambie mbele ya watu."

Nilirudi moja kwa moja Ghubra. Majilisi ilikuwa imejaa, baba amekaa mahali pake pa kila siku. Nikaingia, na kabla sijaamkia mtu, nikasema: "Baba, Bi Zuwena anajua kuwa nilimwita Salmini khadimu, wakamchukua."