Sinema Juu ya Bafta ya Bibi

Sifa njema ni za Mola aliyetupa macho. Juzi televisheni ya mjukuu wangu ilififia ikipepesa, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu kijijini Maramba. Mwenye sinema ya kutembeza aliomba nguo nyeupe ya kutundika ghalani, picha zionekane juu yake. Nikachomoa bafta sandukuni mwa bibi, ikinukia kafuri. Picha zilitetemeka juu yake, hafifu kwa mwanga wa mlangoni, nami nikajivuna.

Bibi, mgonjwa, akaja akijikongoja.

“Mjukuu wangu, hiyo ni sanda yangu.”

“Si shuka, bibi?”

“Sanda. Hao wa kwenye picha wamenitangulia kuivaa. Kaifue.”

Niliifua, lakini kutu ya misumari tuliyoitundikia haikutoka. Ijumaa tulimzika nayo, na madoa yake. Mungu amrehemu; nawe msomaji, akujaalie mwisho mwema.