Nyumba Yenye Nyumba Tumboni

Kabla hujanicheka, ngoja nikuambie hali niliyokuwa nayo siku ile. Ilikuwa Jumamosi saa tisa mchana, na tumboni nilikuwa na chai ya maziwa na chapati mbili, basi. Watu wengi mambo kama haya huwakuta usiku, wamelewa au wamechoka, na una haki ya kuwatilia shaka. Mimi yalinikuta mchana hapa Kawangware, nimebeba ruta kwapani. Ukiona nadanganya, njoo kitongoji chetu cha Kabiro uugonge ule ukuta kwa mkono wako mwenyewe.

Nianze na Mama Otieno, maana bila yeye nisingekuwa na haja ya mtandao wowote. Zamani nilipanga chumba mtaa wa Raila, kule Kibera, ukuta kwa ukuta na yeye. Alikuwa akikaanga samaki mlangoni. Mimi nilikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne akakosa kazi, na jioni nyingi alinisukumia sahani bila kuniuliza lolote. Nyumba zilikuwa za bati na udongo, na kila mwenye redio alikuwa na waya wa shaba uliopanda hadi paani, kwa sababu ndani ya bati redio hukoroma tu. Upepo ukivuma, zile nyaya zote zilikuwa zinalia. Mpaka leo nikisikia waya ukilia kwa upepo nasikia harufu ya samaki, amini usiamini.

Kisha miguu yangu ikaanza kuwasha. Nimeishi Naivasha, nimeishi Mwea, nimeishi Malaba, nimerudi, nimeondoka tena. Mara hii niliporudi nikaambiwa Mama Otieno amehamia Kabiro, katika nyumba ya mawe anayolipiwa na mwanawe. Otieno yuko Ghuba, analinda ghala jangwani. Nilimkuta Mama kitandani. Alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga, na hata kumgeuza ubavu kulikuwa kilio. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kabisa, nyuma ya korido. Aliyemtunza ni mjukuu wake Achieng, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye ulimi wake hauna breki.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Otieno huruhusiwa kushika simu Jumapili tu, saa kumi, kwa nusu saa. Hupiga kwa vidio. Mtandao wa nyumba ulifika sebuleni vizuri, lakini ukiingia chumbani kwa Mama ulikufa. Hata laini ya kawaida ya simu ilikatika pale mlangoni. Jumapili ya kwanza nilikuwepo. Uso wa Otieno ulitokea, ukaganda mdomo wazi, na Mama akaishika simu kwa mikono miwili akiita, "Otieno! Otieno, sema!" Kioo kikawa cheusi. Akamrudishia Achieng simu polepole, akatazama dari.

"Nyathina," akaniambia, kwa maana kwake mimi bado ni mtoto wake, "sina Jumapili nyingi. Nataka nimwone akicheka mpaka amalize. Picha ninazo."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya walichofanya wengi kabla yangu. Nilikwenda dukani nikanunua ruta kubwa kuliko zote. Ilikuwa na antena sita zilizosimama kama miguu ya kaa aliyelala chali. Kijana wa duka alinihakikishia, "Mzae, hii inatoboa ukuta. Hata jirani atakuibia." Nikaifunga sebuleni. Jirani kweli alikuja kuomba nywila, lakini chumbani kwa Mama, hatua kumi tu kutoka sebuleni, hakuna kitu.

"Ankol, umeuziwa kaa," Achieng akasema. "Tumpike na sukuma?"

Ndipo Jumamosi ile nikairudisha sandukuni, nikashika njia kwenda kuibadilisha nichukue yenye nguvu zaidi. Mvua ikanikamata mbele ya duka. Nikasimama barazani nikingoja ipungue kabla ya kuingia, maana nilitaka kwanza kupanga maneno ya kugombana.

Mtu mmoja alikuwa amesimama pembeni yangu. Umri wake ulikuwa kama hamsini, amevaa gambuti zilizopauka kwa simenti, na penseli bapa ya fundi nyuma ya sikio. Mikono yake ilikuwa na udongo wa simenti mbichi mpaka viwikoni. Nakumbuka nilijiuliza kwa nini hanawi, na maji yote yale yanamwagika kutoka paani mbele yake.

"Imekataa?" akauliza, akiangalia sanduku.

"Imekataa. Nataka yenye nguvu zaidi."

"Nguvu za nini? Ukipiga kelele ndani ya sufuria iliyofunikwa, nani atakusikia?"

Nilicheka sana. Hakucheka.

"Ni ile ploti ya geti la buluu, Kabiro. Chumba cha nyuma."

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Ndugu yangu, mtaani kwetu mafundi wanazijua ploti zote, na mtu akikutajia geti lako unadhani tu kwamba aliwahi kufanya kazi pale. Na kweli, si alikuwa amefanya?

Akalichukua lile sanduku, akatoa penseli, akachora nyumba kwenye ubavu wake. Mistari iliyonyooka, bila rula.

"Nyumba hii ina nyumba tumboni," akasema. "Mwenye ploti hakutaka wapangaji watoke, kodi isisimame hata mwezi mmoja. Kwa hiyo nilimjengea mawe kuzunguka mabati, watu wakiwa ndani wanapika. Ukuta ukikamilika tunatoa bati. Tulilitoa vyumba vyote isipokuwa cha mwisho. Kile tulipigilia mbao ndani tukapaka rangi. Usoni unaona ukuta. Katikati kuna bati, pande nne na juu."

Nikatazama mchoro. Mambo yote yakaja mahali pake: simu inayokufa mlangoni, kaa wangu wa antena sita.

"Usinunue kubwa," akaendelea. "Nunua mbili ndogo za aina moja, zinazofanya kazi pamoja. Moja ikae sebuleni, moja ndani kwa mama. Katikati pitisha waya. Ukiziacha zitafutane hewani, bati litazitenga vilevile. Waya ndio hauulizi ukuta ruhusa."

"Nitatoboa vipi mawe na mgonjwa yuko ndani?"

"Tundu liko. Kutoka mlangoni hesabu mikono mitatu, usawa wa bega lako. Nililitoboa mwenyewe."

"La nini?"

Hapo ndipo uso wake ulibadilika. Akaangalia mikono yake kana kwamba ndiyo iliyomuuliza.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiishi humo," akasema. "Siku nilipoziba ukuta wa mwisho redio yangu ikanyamaza. Nikasema nitaitengeneza Jumapili. Unajua kila siku saa saba mchana redioni wanasoma matangazo ya vifo ya kwetu Kitui. Mama yangu alisomwa siku tatu. Siku tatu, na mimi niko hapa napiga plasta na mluzi juu yake. Habari ilinifikia kwa mtu wa basi, wameshazika." Akanirudishia sanduku. "Tundu la waya wa antena nilitoboa baadaye. Huyo mama wa watu asizibwe na ukuta wangu."

"Mzae!" kijana wa duka akaita kutoka ndani. "Unaingia, ama unangoja gharika? Na unacheka na nani hapo, umeshinda beti?"

Niligeuka kumjibu. Niliporudisha uso hapakuwa na mtu. Upepo ulikuwa umeingiza mvua barazani, sakafu yote imelowa, isipokuwa alama mbili kavu, ukubwa wa gambuti, pale alipokuwa amesimama. Nilizitazama maji yakizimeza taratibu kutoka kisigino hadi vidoleni. Nikaangalia sanduku. Mchoro ulikuwepo. Sikugombana na mtu tena. Nikaingia, nikasema, "Nipe mbili ndogo, za aina moja, na waya wa mtandao mrefu."

"Hizo ni za bedsita, za chumba kimoja, mzae."

"Nipe."

Sijui nilifikaje nyumbani. Achieng alinikuta koridoni napima kwa mkono kutoka mlango wa chumba cha Mama, mkono mmoja, wa pili, wa tatu. Akaniuliza kama nimerogwa au nimeokoka. Nikagonga kwa ufunguo ukuta wa sebuleni: ukalia kama jiwe. Nikagonga wa koridoni: jiwe pia. Nikaingia chumbani, nikagonga ukuta uleule kwa upande wa ndani, na ndani kabisa, nyuma ya mbao, kitu kikajibu kwa sauti nyembamba. Mimi niliyeishi Raila ningekosaje kuijua sauti ya bati?

"Nani anabisha?" Mama akauliza kutoka kitandani, macho yamefumba.

"Ni mimi, Mama."

Nikarudi koridoni: pale pa mkono wa tatu, usawa wa bega langu, rangi ilikuwa imevimba kidogo. Nikakwangua kwa bisibisi. Kipande cha plasta kilianguka, kikafuatwa na kitambaa chekundu kilichosokotwa, na nyuma ya kitambaa, waya wa shaba. Nikauvuta. Ulitoka mrefu, umepinda, umeota kutu ya kijani, na ncha yake moja imechubuliwa kwa meno kama tulivyokuwa tukifanya. Achieng akaokota kitambaa, akakikung'uta vumbi.

Nikapitisha waya mpya mahali pa ule wa zamani. Ruta ndogo nikaiweka juu ya kabati la Mama. Taa yake ikawaka nyekundu, ikafikiri, ikawa kijani.

Kesho yake saa kumi simu ililia. Uso wa Otieno ukatokea mzima, na haukuganda. Tukainamia simu sote, tukingoja ugande. Haukuganda.

"Mama."

"Umekonda," Mama akasema. "Geuka."

"Nigeuke vipi?"

"Geuka nione kisogo."

"Mama, kisogo cha nini tena?"

"Nilikuzaa na kisogo, sikuzaa uso peke yake. Geuka!"

Otieno akageuka. Kule nyuma wenzake walimcheka, naye akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo, mpaka akafuta macho, na Mama aliuona ule mcheko tangu ulipoanza hadi ulipoisha. Mimi nilitoka nikasimama koridoni.

Jioni nilimtafuta Baba Wambui, msimamizi wa ploti, aliyekaa pale tangu nyumba zikiwa za bati. Nikamuuliza ni fundi gani aliyejenga ukuta ule. Hakufikiri hata kidogo.

"Huyo ni Kyalo. Mtu wa Kitui. Alikuwa anaishi hicho chumba cha nyuma." Akanitazama vizuri. "Kwa nini unamuuliza? Kyalo alianguka mjengoni, miaka mingi sasa. Tulimpeleka kwao na lori, mimi mwenyewe nimekaa kando ya jeneza njia nzima. Kabla ya hapo alikuwa amekuwa mtu wa kukaa tu na redio sikioni. Saa saba ikifika hata umwite aje kula, haji."

Nilimwonyesha mchoro kwenye sanduku. Akaupitishia kidole, akasema tu, "Huyu hakuwahi kutumia rula," akaingia kwake akafunga mlango.

Mama Otieno alipata Jumapili nne. Zote nne alimwambia mwanawe ageuke. Alituacha Jumatano alfajiri, akiwa usingizini, na Achieng alituma ujumbe kazini kwa Otieno akiwa amekaa palepale kitandani. Msimamizi wa kule jangwani alimwita Otieno kutoka zamu, na tukaongea naye kabla jua halijachomoza Kabiro. Kuja hakuweza. Lakini hakuna aliyelazimika kumsoma Mama siku tatu ndipo mwanawe ajue.

Mimi sijaondoka tangu wakati huo. Nimepanga chumba cha pili kutoka hapo, na miguu hainiwashi. Ule waya wa shaba ninao, umefungwa na kitambaa chake. Nimejaribu mara mbili kuutupa, mkono ukakataa.

Na kuna jambo moja ambalo Achieng ananiambia nisilisimulie, lakini nitalisimulia. Kila siku saa saba mchana, taa ya ile ruta ya chumbani huzimika. Ya sebuleni inawaka kama kawaida, umeme upo, waya ni mzima, nimeubadilisha mara mbili. Inazimika kwa muda ambao mtu angesomewa majina ya marehemu wa kwao, kisha inarudi kijani. Mwanzoni niliihangaikia. Siku moja Achieng akaniambia, "Ankol, achana nayo. Si ulimnyang'anya antena yake?" Tangu hapo, ikifika saa saba, sisi tunaweka simu chini na tunapunguza sauti. Hata Mama, siku zake za mwisho, alikuwa akituuliza, "Amemaliza?" kabla ya kuendelea kuongea.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, na unataka mtandao ufike kila chumba, usikimbilie ile yenye antena nyingi. Gonga kuta zako kwanza, zote, na uzisikilize. Fundi asiyenawa simenti hata mvua ikinyesha akikuuliza umebeba nini, mjibu kwa heshima, na usigeuze uso mpaka amalize kusema. Na kama mama yako yu hai, na redio yako imenyamaza, usiseme utaitengeneza Jumapili.