Kebo Niliyosema Nimeibadilisha

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyoteremka bandarini Kashikishi na gari iliyokataa kupunguza mwendo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Jana uliniuliza ipi ni bora, pikapu ya zamani yenye kebo ya mafuta au hizi mpya ambazo pedali zake zinapeleka habari kwa kompyuta, nami nikakuambia usubiri. Jibu ninalo. Ila lazima nianzie mbali kidogo, unisamehe.

Mjomba wangu, aliyenivusha ziwa Mweru kutoka Pweto ng'ambo, alinikabidhi pikapu ya dizeli niwe ninawabebea wafanyabiashara samaki. Gari zile zilieleweka upesi. Ukikanyaga pedali, kebo inavuta mkono mdogo wa chuma pale kwenye pampu ya dizeli. Ukiinua mguu, springi inaurudisha mkono ule. Unafungua boneti, unaona kila kitu kwa macho yako. Na mimi, kwa kuwa niliona kila kitu, nikajidhania fundi.

Springi ile ilikatika. Nikampelekea gari Ba Chanda, mzee wa Kibemba pale Kashikishi aliyefanya kazi ya ufundi miaka mingi Lubumbashi, na Kiswahili chake alikitoa huko. Akaichungulia, akapitisha kidole kwenye kebo, akanionyesha nyuzi zake zilivyoanza kukatika moja moja.

"Badilisha vyote viwili," akasema. "Springi na kebo. Usibebe batu mbele ya hapo."

Nikaitika kwamba sitabeba mtu kabla ya hapo. Lakini springi ilikuwa ya kuagiza mjini Mansa, na mimi nilikuwa na haraka ya kijana. Nikakata ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikafunga mahali pa springi. Mkono ukarudi vizuri kabisa. Kebo nikaipaka grisi. Siku mbili baadaye Mama Kabwe, mfanyabiashara wa Pweto aliyezoea kusafiri nami, alipanda mbele akaniuliza, "Mutoto yangu, ile kintu Ba Chanda alisema, ulitengeneza?"

"Nilibadilisha yote, mama."

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Mpira ulikuwa upumbavu tu, na upumbavu wa ujana una dawa. Lakini mama yule aliuliza ili ajue kama apande au asipande. Mimi nikamwamulia kwa uongo wangu.

Tulikuwa tunatoka Nchelenge. Tulipoiacha barabara kubwa na kuanza kuteremka kwenda ziwani, niliinua mguu kama kawaida. Injini haikupungua. Nikaikanyaga pedali tena na kuiachia, nikidhani imekwama kidogo. Ikazidi kunguruma. Ule mpira ulikuwa umepata joto la injini ukakatika, na nyuzi za kebo zikang'ang'ania ndani ya ala yake, mafuta yakabaki yamefunguliwa.

Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari ikapunguza kidogo, ikavuta tena. Nikasikia harufu ya breki zinazoungua. Mbele yetu wanawake walikuwa wametandaza chisense, wale dagaa wa Mweru, juu ya mikeka pande zote za njia. Nilipiga honi wakakimbia. Mmoja hakukimbia. Alikuwa ameinama, ametugeuzia mgongo, na mtoto amefungwa mgongoni kwa chitenge. Karibu naye mashine ya kusaga mihogo ilikuwa inapiga kelele, hakusikia lolote. Mimi nilichokiona ni kichwa cha yule mtoto tu.

"Klachi!" Mama Kabwe akapiga kelele. "Kanyaga klachi! Toa gia!"

Marehemu mume wake alikuwa dereva. Miguu yangu ikamsikia yeye kabla ya akili yangu. Nikakanyaga klachi, naye mwenyewe akaushika mkono wa gia akauvuta. Injini ikalia kama inapasuka, lakini magurudumu yakaachana nayo, na breki zikashika. Tulisimama juu ya mkeka wa kwanza. Kati ya bampa na yule mama palikuwa na hatua tatu. Nilizipima baadaye kwa miguu yangu.

Nikavuta kitufe cha kuzima injini. Kimya kile, mwanangu, sijapata kusikia kitu kitamu namna hiyo. Nikaanza kucheka, halafu nikajikuta ninalia, na Mama Kabwe akaniwekea mkono shingoni akisema, "Bote bazima. Angalia, bote bazima."

Ba Chanda akaitwa. Akafungua boneti, akatoa kipande cha mpira. Hakunipiga wala hakunitukana. Alikiweka mkononi mwangu, akasema, "Enda umuonyeshe yule mama wa mutoto. Umuambie weye mwenyewe ni kintu gani."

Nikaenda. Nikamweleza kwa Kibemba changu kibovu kwamba niliambiwa, nikajua, na nikadanganya. Alinisikiliza huku akimbembeleza mtoto. Kisha akakaza chitenge, akaelekeza mikeka yake kwa kidevu. "Basi, okota samaki wangu." Nikaokota mpaka jua likainama, nikiupepeta mchanga kwa ungo wake, na alipoona nimemaliza akanipa maji ya kunywa. Nilifurahia maji yale kuliko bia yoyote.

Sasa nije kwa swali lako. Mpwa wangu Feza ana pikapu mpya, na mimi nilikuwa ninaicheka sana kwa sababu haina kebo. Masika yaliyopita alikuwa njiani kwenda Mansa na abiria, taa ikawaka na gari ikakosa nguvu, ikawa inatambaa. Mafundi wa njiani wakamwambia aizime ile taa kwa kifaa chao aendelee na safari. Akanipigia simu. Nikamwambia, "Egesha. Washushe batu." Fundi alikuta maji yameingia kwenye plagi ya pedali. Kompyuta haikuiamini habari iliyoipata, ikapunguza mafuta. Tangu siku ile nimeacha kuicheka.

Kwa hiyo chagua gari ambayo utapata fundi wake na vipuri vyake. Ya kebo itakuonyesha ugonjwa wake ukifungua boneti, basi fungua. Ya kompyuta itawasha taa, basi sikiliza. Siku injini ikikataa kupungua, kanyaga klachi, toa gia, shika breki mpaka usimame, ndipo uzime; usizime gari ikikimbia, usukani utakuwa mzito mikononi. Na abiria akikuuliza kama gari ni nzima, mwambie ukweli hata kama atashuka, hata kama wote watashuka.

Mungu akutangulie katika barabara ya Mansa na katika miteremko yote ya ziwa hili. Akupe abiria wanaofika wakiimba, akupe uzee kama huu wangu, na usingizi usio na kichwa cha mtoto wa mtu ndani yake. Enda salama, mwanangu.