Mama Viti, mwalimu anayehamisha maneno kwa miguu

Saa mbili asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika, mwalimu wa sintaksia, elimu ya muundo wa sentensi, anaburuta viti vitatu hadi mbele ya darasa. Kimoja kina mguu mbovu. Anakunja karatasi na kuisokomeza chini yake kisiyumbe. Meza anazisukumia ukutani. Jasho linamtoka, na somo lenyewe halijaanza.

Chuoni wamembandika jina la Mama Viti, naye kalipokea kwa moyo mkunjufu. "Waniite watakavyo, mradi waelewe," anasema huku akijipangusa uso.

Leo ana sababu ya kuhangaika. Kati ya wanafunzi wake thelathini na mmoja, kumi na tisa walianguka mtihani uliopita, na mkuu wa idara ametamka wazi kwamba anafikiria kulifuta somo hilo. Mama Viti ni mwalimu wa muda na hana somo jingine. Likifutwa, naye anafungasha virago. Kabla ya kuamua, mkuu ameahidi kuja kujionea kipindi kimoja.

Mada inayowatoa wanafunzi kijasho ni uhamaji: nadharia kwamba neno linaweza kuanzia mahali fulani katika sentensi, likahamia kwingine, na pale lilipotoka pakabaki nafasi isiyosikika. Hata yeye mwalimu, enzi za uanafunzi wake, aliikariri bila kuielewa. "Mishale ubaoni, mistari huku na huku, mimi nanakili tu, kichwani patupu," anasema na kucheka.

Mbinu ya viti aliipata nyumbani. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini, na binti yao mdogo akawa hamruhusu mtu yeyote kukalia kiti cha baba mezani. Mama mtu akaduwaa, kijiko mkononi.

"Nikajisemea, kumbe ndiyo hii! Mtu kahama, lakini nafasi yake ipo."

Tangu siku hiyo mumewe hana raha. "Narudi safari hoi, nakuta viti vimepangwa mstari sebuleni, naambiwa nikae, mimi ni kitenzi," analalamika, ingawa anatabasamu.

Kipindi kinaanza. Sentensi ni "Fundi amevunja ukuta": wanafunzi watatu, viti vitatu. Wa kwanza ni Fundi. Katikati, kama kitenzi, ameketi muuguzi mmoja, mtu mzima anayesoma kwa kujibanabana kati ya zamu za kazi. Naye ni miongoni mwa walioanguka. Wa mwisho ni Ukuta, kijana wa miraba minne.

Mwalimu anamtoa Fundi nje. Muuguzi anageuka kuwa "umevunjwa". Kiti cha mbele hakitakiwi kubaki wazi, kwa hiyo Ukuta anahamia huko: "Ukuta umevunjwa." Pale alipotoka, mwalimu anatandika sweta lake.

Hapo ndipo mkuu wa idara anapoingia, amechelewa, anahema. Anaona kiti kitupu, analiondoa sweta, analipakata, anaketi.

"Mkuu, samahani!" muuguzi anaropoka. "Hapo pana mtu!"

"Mtu gani? Mbona simwoni?"

Darasa linaangua kicheko. Mwalimu anafungua kinywa ili aokoe jahazi, lakini muuguzi anamtangulia.

"Ukuta, mkuu," muuguzi anasema. "Sasa hivi yuko mbele, alipokuwa Fundi. Lakini hajavunja kitu, yeye ndiye aliyevunjwa. Tunajua kwa sababu alianzia hapo ulipokaa. Kahama, ila nafasi bado ni yake."

Mkuu ananyanyuka taratibu, analirudisha sweta na kulinyoosha vizuri. "Na mtu akitaka kubisha?"

"Wapo wataalamu wanaobisha," mwalimu anadakia. "Wanasema hakuna kinachohama. Wiki ijayo ni zamu yao. Lakini nataka wanafunzi wangu wabishe wakiwa wameelewa."

Mkuu anabaki hadi mwisho, kasimama karibu na dirisha. Mlangoni anamwambia, "Mwalimu, nusu ya walioanguka wakipita mtihani wa marudio, somo linabaki."

Mtihani huo ni mwezi ujao. Mama Viti tayari ameomba chumba cha kufundishia Jumamosi, na muuguzi ameahidi kuja moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake mwilini.

Anapoulizwa kama hiyo nusu haitamwelemea, anatikisa kichwa na kushika kiti kingine.

"Nusu ni hesabu ya mkuu. Mimi nawataka wote kumi na tisa."