Ng'ombe Kumi wa Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ng'ombe wala dawa. Nilipewa fimbo. Ilikuwa ndefu, ya mti mgumu, imechorwa alama nyekundu, na Bwana Mifugo aliyenipokea, mtu mnene mwenye buti za kufika magotini, aliniambia niizamishe ndani ya tangi nimsomee maji yamefika wapi. Nikasoma. Akahakikisha mwenyewe, akanirudishia.

"Umesoma hadi wapi, kijana?"

"Darasa la saba, Bwana."

"Inatosha. Kupe hajasoma hata la kwanza, na anatushinda."

Josho letu, au dipu kama tulivyoliita, lilikuwa kwenye mteremko chini ya mji wa Runyenjes, si mbali na kwetu. Vijana wa leo wanaona shimo la saruji lenye majani makavu, kwa hiyo nieleze. Ng'ombe walingoja zizini, wakapita kwenye kidimbwi cha kuosha kwato ili wasiingize tope, kisha wakaruka mmoja mmoja ndani ya tangi la maji yenye dawa na kuogelea hadi ngazi ya upande wa pili. Huko walisimama mpaka maji yawachuruzike na kurudi tangini. Kila mmoja aliondoka na dawa kidogo kwenye manyoya, nami nilipima kwa ile fimbo na kujazia. Mvua ikiingia tangini bila wewe kuongeza dawa, kupe anaoga tu na kwenda zake.

Adui wetu mkubwa alikuwa kupe wa kahawia, anayekaa ndani ya sikio. Akimnyonya ng'ombe mgonjwa, hushuka na kujificha nyasini mpaka abadilike akue, halafu hupanda ng'ombe mwingine na kumwachia ugonjwa wa ndigana kali. Ng'ombe wa kienyeji wengine walistahimili. Wale wa gredi, wenye maziwa mengi, walikufa haraka.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Bwana Mifugo alinirudia hadi nikaiota. Dawa ya wakati ule ilituama. Tangi likikaa wiki nzima bila kuguswa, dawa hulala chini na juu hubaki karibu maji matupu. Wanaoikoroga ni ng'ombe wanaotangulia kuruka. Kwa hiyo kumi wa kwanza lazima warudishwe zizini waruke tena.

"Hao kumi ni mwiko wa kukorogea tu," alisema. "Usidhani wameoga. Warudi mara ya pili, halafu ndio utie alama kwenye daftari."

Alhamisi ilikuwa siku yetu. Hadi leo nikinusa dawa ya ng'ombe nazisikia zile kelele. Mama mmoja alikuwa na ng'ombe aliyegoma kila wiki mbele ya tangi.

"Msukume, mama!" watu wakampigia kelele.

"Nimsukume vipi? Anaogopa maji kama mwenye ng'ombe!"

"Nimesikia," mume wake akajibu kutoka zizini, na sote tukacheka.

Aliyefika wa kwanza kila Alhamisi alikuwa kaka yangu, Njue. Mke wake alikuwa amejifungua mapacha, maziwa yake hayakutosha, na watoto wale walitegemea ng'ombe mmoja wa gredi aliyeitwa Kairu. Njue alitaka kurudi nyumbani upesi akamkamue.

"Ndugu yangu, watoto wanalia huko. Lazima arudie?"

"Nenda tu," nikamwambia, nikatia alama kwamba Kairu amerudia. Njue alidhani kurudia ni masharti ya serikali. Sikumweleza sababu. Nilifanya hivyo Alhamisi sita, nikiona ninamsaidia.

Kairu akavimba tezi chini ya sikio. Akakataa kula, akapumua kwa shida, povu likamtoka puani. Daktari wa mifugo alichoma sindano kwenye tezi, akapeleka maji yake kupimwa. Ndigana kali. Jumapili Kairu akafa.

Njue hakunilaumu mimi. Alimlaumu jirani yetu, Kiura, ambaye hakuleta ng'ombe wake dipu. Aliwachambua kupe kwa vidole na kuwatia kwenye kopo la mafuta ya taa.

"Kupe wako ndio wameniulia ng'ombe!" Njue alimwambia mpakani. "Wangu anaogeshwa kila wiki, na mkono wa ndugu yangu mwenyewe! Muulize!"

Kiura akanitazama. Nilikuwa nimeshika kofia yangu. Nikaivaa, nikageuka kwenda nyumbani.

Jioni hiyo mke wa Kiura alileta kibuyu cha maziwa kwa ajili ya mapacha. Njue akayamwaga mbele yake. Watoto walikua kwa uji mwepesi na maziwa ya kuombaomba mbali. Mwezi uliofuata Njue akapanda ua wa kaiyaba, ule mti wa miiba, kuziba njia ambayo Kiura alipitia kwenda mtoni.

Bwana Mifugo alikuja kukagua daftari, akaweka kidole kwenye jina la Kairu.

"Huyu alirudi?"

"Hakurudi, Bwana."

"Mara ngapi?"

"Alhamisi sita."

Alilifunga taratibu. "Mimi umeniambia. Mwenye ng'ombe je?"

Nilitikisa kichwa. Akanihamishia josho la Kanyakine, mbali na kwetu. "Hutaogesha ng'ombe wa kwenu tena," akasema.

Kutoka Kanyakine nilipelekwa Muthara, chini ya Msimamizi wa Majosho, mtu mwembamba aliyechota dawa kwa kiganja na kuinusa kabla ya kujaza chupa ya kupeleka maabara. Huko vumbi la mifugo lilionekana kabla ya mifugo yenyewe.

"Hata wa chifu arudie?" mzee mmoja aliniuliza kwa hasira.

"Hata wa chifu."

Sikumwachilia mnyama hata mmoja miaka yote hiyo, lakini hilo halikumsaidia Kiura. Baadaye majosho yaliachiwa kamati za wafugaji, kamati zikachoka, kila mtu akanunua pampu yake ya mkono. Wengine wanapunguza dawa ili ifike mbali, na kupe wanaizoea. Nilistaafu nikiyaona hayo.

Niliporudi nyumbani, nilimkuta Njue akikamua. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kukamua mpaka chuchu ya mwisho.

"Kwa nini walikuwa wanarudia?" akauliza.

Nikamweleza habari ya dawa kulala chini. Siwezi kuapa kwamba kupe aliyemuua Kairu alipona kwa sababu yangu, wala kwamba hakutoka kwa Kiura. Hata daktari hakujua. Nilimwambia na hilo pia.

Njue alifunika ndoo. "Basi hapa kwangu umekoroga tu," akasema, akionyesha kwa kidevu ng'ambo ya ua. "Rudi mara ya pili. Twende."

Ilibidi tuzunguke kwa barabara, kwa sababu ya miiba yetu wenyewe. Kiura alikuwa akipukuchua maharagwe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Njue.

"Na yale maziwa?"

"Nilikosea, Kiura."

"Mama watoto wangu alikufa akijiuliza aliwakosea nini."

Kesho yake tulichukua mapanga tukaanza kuung'oa ua. Ilituchukua siku tatu. Siku ya pili Kiura alileta kigoda chake akakaa upande wa pili.

"Na kupanda kuliwachukua muda wote huu?" akauliza, na Njue akacheka akinyonya kidole kilichochomwa na mwiba.

Njue alituacha mwaka huu, kabla ya mvua. Mapacha wake, watu wazima sasa, ndio walioshika jeneza mbele. Nimebaki na fimbo ile ya kupimia tangi. Nilipewa siku ya kuagwa kazini, dipu letu likiwa limeshafungwa, na alama zake zimefutika karibu zote.

Asubuhi ya maziko, Kiura alikuwa wa kwanza kufika, kwa njia ile ya mtoni. Tulipomaliza kuzika alikunywa chai, akanishika mkono, akaenda zake. Watu walipokuwa wamekwisha kuondoka na mimi nimebaki peke yangu uani, nilisikia mkongojo njiani. Alikuwa Kiura anarudi mara ya pili.